Uzi: Sloppy joe ya nyumbani isiyolowesha mkate (kipimo cha mikate 8)

Mwiko Mrefu

Wakuu habari zenu. Swali la sloppy joe likiulizwa humu, jibu huwa moja: kaanga nyama, mwaga kechapu, jaza kwenye mkate. Matokeo yake ni rojo tamu kama jamu, na mkate umeshalowa kabla sahani haijafika mezani. Hiki ni chakula kizuri sana cha familia, kinashibisha, kinapikwa kwa sufuria moja, kwa hiyo tukieleze kinavyostahili.

Kwa asiyekijua: ni mkate wa baga uliojazwa nyama ya ng'ombe ya kusaga iliyopikwa na nyanya, kitunguu, hoho, siki na sukari kidogo. Marekani kinapikwa majumbani na kwenye kantini za shule, ndiyo maana watoto wa ndugu zetu walioko huko wanakijua kwa jina. Jina lenyewe ni kama kusema "Joe wa ovyoovyo", kwa sababu lazima kikudondokee vidoleni. Kudondoka kidogo ruksa. Mkate kugeuka uji, hapana.

Vipimo vya mikate 8, yaani watu 5 au 6 na wawili wataongeza: nyama ya kusaga gramu 700, kitunguu maji kikubwa 1 na hoho ya kijani 1, vyote vikatwe vidogo kama punje za mahindi, kitunguu saumu punje 3, nyanya nzito ya kopo vijiko vikubwa 2, kechapu robo tatu ya kikombe (ml 180) na maji kiasi hicho hicho, siki kijiko kikubwa 1, sosi ya Worcestershire (ile nyeusi, chachu, ya Kiingereza) kijiko kikubwa 1, haradali ya chupa vijiko vya chai 2, sukari ya kahawia kijiko kikubwa 1, usizidishe, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) kijiko cha chai 1, bizari nyembamba na pilipili manga nusu nusu kijiko cha chai. Chumvi weka nusu kijiko cha chai mwanzoni, nyingine usubiri mwisho uonje, maana kechapu, haradali na sosi zote zimebeba chumvi yake.

Sasa kupika. Kikaango kizito na kipana, sm 30 ikiwezekana. Moto mkali, mafuta kijiko kimoja. Weka nusu ya nyama, ibandike iwe kama chapati nene, halafu usiiguse kwa dakika 4. Hapa tumia sikio. Nyama ikitoa maji utasikia sauti ya kuchemka, nzito. Maji yakiisha sauti inageuka, inakuwa kali na kavu, ya kukaanga. Ndani ya maji joto halivuki nyuzi 100, na kwa joto hilo nyama inaishia kuwa ya kijivu. Rangi ya kahawia, ambayo ndiyo ladha yenyewe, inaanza pale sauti inapobadilika. Wengi wanamwaga kechapu dakika mbili kabla ya hapo na wanakosa kila kitu.

Geuza, ivunje kwa mwiko hadi ibaki chembechembe za ukubwa wa kunde, itoe. Rudia kwa nusu ya pili. Bakiza mafuta kijiko kikubwa kimoja tu kwenye kikaango. Yanayozidi mimina kwenye kopo tupu, usiyapeleke kwenye sinki, yataganda kwenye bomba.

Kitunguu na hoho ziingie kwenye mafuta hayo, moto wa kati, dakika 6 hadi 7 zilainike. Kitunguu saumu nusu dakika. Kisha nyanya nzito, uikaange dakika 2 kamili ukiisugua chini ya kikaango hadi itoke kwenye wekundu wa kung'aa iwe rangi ya tofali. Ukiruka hatua hii utabaki na ule uchachu mbichi wa kopo hata uchemshe saa nzima. Viungo vikavu, koroga sekunde 30. Mimina yale maji ya kipimo, kwangua yote yaliyogandia chini, rudisha nyama, ongeza kechapu, siki, haradali, sosi na sukari. Moto mdogo, bila kufunika, dakika 12 hadi 15.

Kujua imeiva usiangalie saa. Pitisha mwiko katikati ya kikaango hadi chini. Njia ikijaa papo hapo, bado. Njia ikibaki wazi kwa kuhesabu moja, mbili, na pembeni hakuna maji mekundu yanayokimbilia katikati, zima moto. Acha dakika 5 bila kugusa, itakaza zaidi ikipoa. Ukiikausha kabisa ukiwa jikoni, mezani itakuwa ngumu.

Hoho Kijani

Mkuu asante kwa uzi. Swali: nyama ya buchani kwangu inatoa maji mengi mno, kikaango kinakuwa kama supu. Nikiyakausha yote nyama inakuwa ngumu kama changarawe. Nakosea wapi?

Fundi Buchani

Dada Hoho Kijani, tatizo linaanza kabla ya jiko. Mambo matatu.

La kwanza, nyama iliyoganda kwenye friza na kuyeyushwa haraka hutoa maji zaidi, kwa sababu barafu imepasua nyuzi zake. Iyeyushe kwenye friji usiku kucha, uimwage maji yaliyojikusanya, uipanguse kwa karatasi ya jikoni.

La pili, nyama kavu isiyo na mafuta ndiyo inayokuwa changarawe. Mwambie muuza nyama achanganye: sehemu nne nyama, sehemu moja mafuta. Paja tupu halifai peke yake, omba bega au kidari. Isagwe mara moja tu kwa tundu kubwa. Ikipitishwa mashine mara mbili inakuwa kama rojo, ukiikaanga inajishika mabonge, na ukiyavunja unapata unga.

La tatu ni kujaza kikaango. Gramu 700 zote kwa mpigo kwenye kikaango cha sm 24 zitachemka, hakuna moto wa jikoni nyumbani utakaozishinda. Kwenye jiko la mkaa ni afadhali kidogo kwa sababu moto ni mkali, lakini bado gawa mara mbili.

Na hapa natofautiana kidogo na Mwiko Mrefu. Si lazima ukaange nyama yote hadi kahawia. Nusu ya kwanza ikaangwe vizuri kabisa. Nusu ya pili iishie pale wekundu unapopotea, uivunje, uchanganye. Ladha ya nusu iliyokaangwa inatosha kutawala sufuria nzima, na ile nyingine inabaki laini.

Mwiko Mrefu

Mkuu, hilo nalikubali kwa nyama isiyo na mafuta mengi. Kwa nyama yenye mafuta sehemu moja kwa nne nitakaanga yote, haitakauka. Atakayefuata njia yako akumbuke tu kwamba nusu ile laini ni lazima iive hadi ndani wakati wa kuchemka na sosi. Nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi 71 za sentigredi. Si kama steki, maana bakteria wanaokaa juu ya nyama mashine imeshawachanganya hadi katikati. Dakika 12 za kuchemka zinatosha kabisa.

Kijiko Kimoja

Naongezea kitu kwa anayesumbuliwa na maji. Bekingi soda nusu kijiko cha chai, iyeyushwe kwenye maji kijiko kikubwa kimoja, ichanganywe na gramu 700 za nyama, iache dakika 15 kabla ya kukaanga. Inapunguza uchachu wa nyama, protini hazijikunji kwa nguvu, kwa hiyo maji yanabaki ndani, na rangi ya kahawia inakuja haraka.

Ila tafadhali sana: isiwe magadi. Magadi ya kupikia maharage ni makali zaidi na kipimo chake hakishikiki, nyama itanuka sabuni na hakuna siki ya kuiokoa. Na hata bekingi soda ikizidi kipimo hicho utaisikia kwenye ulimi.

Bi Ukwaju

Assalaam alaykum ndugu zangu. Huku Unguja kima (nyama ya kusaga) nzuri ipo, thomu (kitunguu saumu) lipo, hoho ipo. Hiyo sosi ya Worcestershire ndiyo ya kutafuta dukani na bei yake si ndogo. Ipo mbadala ya maana?

Kijiko Kimoja

Waalaykum salaam Bi Ukwaju. Mbadala unao kwenye jina lako. Soma chupa ya Lea & Perrins, ile sosi iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1837: siki, molasi (asali nyeusi ya miwa), sukari, chumvi, samaki wadogo waliochachushwa kwa chumvi, ukwaju, kitunguu, kitunguu saumu na viungo. Kazi yake kwenye nyama ni mbili, uchachu wenye giza na ule utamu wa chumvi unaofanya nyama iwe nyama zaidi.

Kwa kijiko kikubwa kimoja cha sosi hiyo, changanya rojo nzito la ukwaju kijiko cha chai 1, sosi ya soya kijiko cha chai 1, siki nusu kijiko cha chai, na chembe ya sukari guru. Chuja ukwaju vizuri, nyuzi zake zinakera mdomoni. Sosi ya soya ina chumvi kali, kwa hiyo ile chumvi ya mwanzoni ipunguze hadi robo kijiko cha chai.

Na kwa mwenye mtu nyumbani asiyekula samaki au anayedhurika nao, mchanganyiko huu hauna samaki.

Sukari ya kahawia pia si lazima. Sukari guru iliyokwanguliwa inafanya kazi bora zaidi, ina ile ladha ya molasi.

Bi Ukwaju

Ahsante mwanangu, Mungu akuzidishie. Kwa mkate nitatumia boflo.

Mkate Mkavu

Shikamoo Bi Ukwaju. Boflo ni chaguo zuri kuliko mikate mingi ya baga ya supamaketi. Ganda lake linastahimili. Likate kwa urefu, toa kidogo ule mkate laini wa ndani ili upate mfereji, halafu lipashe.

Kupasha mkate ndiko kunakosahaulika, na ndiyo nusu ya jibu la mkate kulowa. Paka siagi upande uliokatwa, mpaka kwenye kingo, uweke kifudifudi kwenye kikaango kikavu, moto wa kati, dakika 1 hadi 2. Unatafuta kahawia ya dhahabu na ganda unaloweza kuligonga kwa kucha likalia. Mafuta ya siagi na hilo ganda ndivyo vinavyozuia mchuzi. Mkate usiopashwa ni sponji.

Skonzi zile za dukani Bara zinafaa kwa watoto kwa sababu ya ukubwa wake, lakini nyingi ni tamu. Ukizitumia, ondoa kabisa sukari kwenye sosi. Mkate wa silesi usitumie, labda uupashe pande zote mbili na ule papo hapo.

Kila mkate unabeba gramu 120 hivi za nyama, yaani vijiko vikubwa vinne vilivyojaa. Ukizidisha, itatokea nyuma. Jaza wakati wa kula tu. Hata mkate uliopashwa vizuri, dakika 10 ukiwa umejazwa unaanza kulegea.

Columbus Jikoni

Wadau, huku Ohio, Marekani, makopo ya sosi iliyo tayari yamejaa madukani, Manwich na mengine. Kuna haja gani ya kuhangaika? Na kuna wanaosema sloppy joe halisi haina nyanya kabisa, wengine wanasema ni sandwichi baridi. Nani mkweli?

Fundi Buchani

Wote wanasema kweli, wanazungumzia vitu tofauti.

Jimbo la Iowa wana sandwichi ya nyama iliyovunjwavunjwa isiyo na sosi ya nyanya. Mgahawa wa Maid-Rite ulianza kuiuza katika mji wa Muscatine mwaka 1926, na huliwa na haradali, kitunguu na matango ya siki. Hiyo ni ndugu wa sloppy joe, nyama yake ina unyevu wa mvuke tu. Jimbo la New Jersey ukiagiza sloppy joe dukani unaweza kuletewa sandwichi baridi ya ghorofa: silesi tatu za mkate wa rai (nafaka jamii ya ngano), nyama za kukatwa silesi, jibini na saladi ya kabichi. Hii tunayoizungumzia hapa, ya moto na nyanya, ndiyo inayojulikana sehemu kubwa ya nchi.

Manwich imekuwa sokoni tangu 1969. Ni sosi peke yake, kopo moja kwa ratili moja ya nyama, yaani gramu 450. Haina ubaya kwa siku ya haraka. Kasoro yake ni kwamba utamu na chumvi vimeshaamuliwa na kiwanda. Ukiitumia, bado kaanga nyama hadi sauti ibadilike, bado kaanga kitunguu na hoho mbichi, na malizia kwa siki kijiko cha chai na haradali kijiko cha chai.

Kijiko Kimoja

Kuhusu utamu nakazia, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Kechapu ya kawaida ya Marekani ina gramu 4 za sukari kwa kila kijiko kikubwa cha gramu 17. Robo tatu ya kikombe ni gramu 200 hivi, kwa hiyo umeshaweka zaidi ya gramu 40 za sukari kabla hujagusa bakuli la sukari. Kijiko kimoja juu ya hapo kinatosha. Mapishi yanayosema robo kikombe ya sukari yanakupeleka kwenye kitindamlo.

Tomato sosi za bei nafuu huku kwetu soma lebo yake. Nyingi zimekolezwa kwa wanga badala ya nyanya. Hizo zinashika chini haraka, zinang'aa kama gundi, na mstari wa mwiko utakudanganya kwa sababu wanga unakaza hata maji yakiwa bado mengi. Kama huna nyingine, tumia nusu ya kipimo, nusu iliyobaki iwe nyanya za kusagwa zilizochemshwa zikapungua, na nyanya nzito ya kopo uongeze iwe vijiko 3.

Hoho Kijani

Nimeelewa sana. Na nikitaka kuipeleka mbali zaidi kwa watu 12 bila kununua nyama mara mbili?

Mwiko Mrefu

Dengu ndogo bapa, dada, wengine huziita adesi (lentils). Zile za kahawia au za kijani zisizokobolewa. Gramu 200 kavu, zichemshe pembeni kwa maji yenye chumvi kidogo dakika 20 hadi 25, ziive lakini zisivunjike, uzichuje vizuri. Ziingie pamoja na nyama wakati wa sosi. Zisipikwe ndani ya sosi zikiwa mbichi, siki na nyanya zitazuia ganda lake kulainika na utakuwa unatafuna saa mbili baadaye. Zikiiva zitakupa kama nusu kilo, kwa hiyo ongeza nusu ya vipimo vya sosi yote na viungo. Utapata mikate 12 hadi 13 ya gramu 120. Watoto wengi hawatatofautisha, ukubwa wa punje unafanana na nyama.

Ukiamua kuzidisha kila kitu mara mbili kwenye sufuria moja, maji usiyazidishe mara mbili. Mvuke unatoka juu tu, na upana wa sufuria haujabadilika. Weka mara moja na nusu, yaani kikombe kimoja na vijiko vikubwa viwili, na uvumilie dakika 25 badala ya 15. Kwenye sufuria ya umeme ya kupikia polepole yenye kifuniko, weka robo kikombe tu cha maji. Humo hakuna kinachokauka.

Columbus Jikoni

Ikishatoka nyepesi na wageni wako mezani, unga wa ngano si unaokoa?

Kijiko Kimoja

Usiweke unga mkavu, utapata madonge na ladha ya unga mbichi. Toa nyama kwa kijiko chenye matundu, bakiza mchuzi peke yake kwenye kikaango, moto mkali, dakika 3. Utapungua haraka kwa sababu nyama haiuzuii mvuke. Rudisha nyama. Ukishindwa kabisa, wanga wa mahindi kijiko cha chai 1 kwenye maji baridi kijiko kikubwa 1, koroga ichemke dakika moja.

Imezidi utamu: haradali na siki, kijiko cha chai kimoja kimoja, uonje kila mara. Imezidi uchachu: siagi kijiko kikubwa kimoja kabla ya kugusa sukari, mafuta yanaufunika. Imezidi chumvi: dengu zilizochemshwa bila chumvi, au nyanya mbichi iliyokatwakatwa ichemke humo dakika 5. Viazi wanavyosemaga vinanyonya chumvi vitakunyonyea mchuzi tu.

Bi Ukwaju

Na cha kando ni nini? Maana nyama peke yake na mkate ni kizito.

Mkate Mkavu

Wenyewe wanaweka saladi ya kabichi, chipsi na matango ya siki. Kachumbari yetu inafaa lakini punguza nyanya, tayari zimo. Kitunguu kioshwe kwa chumvi, kabichi iliyochanwa nyembamba, ndimu, pilipili kwa wanaoila. Ikamue maji kabla ya kuiweka juu ya nyama, ama utakuwa umefanya kazi yote ile ya kukausha halafu ukamwaga maji mwenyewe.

Hoho Kijani

La mwisho, wakuu. Ikibaki?

Mwiko Mrefu

Ihifadhi bila mkate. Ndani ya saa 2 iwe imeingia friji, kwenye chombo kipana na kifupi ili ipoe upesi, sufuria nzima ya moto inabaki vuguvugu katikati kwa muda mrefu. Friji siku 3 hadi 4, friza miezi 3. Kesho yake ladha imekolea zaidi, hoho na siki zimeshazoeana. Kuipasha, maji vijiko vikubwa 2, moto mdogo, funika dakika za mwanzo hadi ichemke katikati, kisha funua na upitishe mwiko tena uangalie njia. Mikate upashe mipya.